Friji Lililovaa Blanketi

Asubuhi nyumbani kwa Bimdogo ilianza na sindano. Kabla ya chai, kabla ya kufagia uwanja, Bimdogo alifungua friji na kutoa kichupa kidogo cha dawa. Alikiviringisha polepole kati ya viganja vyake, kama nesi alivyomfundisha. Kisha alivuta dawa kwa bomba la sindano, akaenda kitandani kwa bintiye.

"Yasmin, amka mwanangu. Leo tunachoma paja gani?"

"La kushoto, mama. Jana lilikuwa la kulia."

Yasmin alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliugua kisukari mwaka 1995, na sasa alikuwa ametimiza mwaka mzima na ugonjwa huo. Watu wengi pale Mabatini walidhani kisukari ni maradhi ya wazee na matajiri. Walimtazama Yasmin, mwembamba kama fito, wakatikisa vichwa. Lakini ukweli ni kwamba mwili wake haukuweza kutengeneza insulini. Ilibidi apewe kwa sindano, asubuhi na jioni. Bila sindano hizo, sukari hupanda kwenye damu, mtoto akazidiwa, na anaweza kufa. Bimdogo aliyajua yote hayo, na kwa kuwa aliyajua, hakuwa na raha hata siku moja.

Dawa yenyewe ilipatikana kwa shida. Walipoipata, walichukua ya miezi miwili kwa pamoja, na vichupa vyote vilikaa ndani ya friji.

Friji hilo lilikuwa na historia yake. Muharami, mume wa Bimdogo, alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo. Wafanyakazi walipopunguzwa, naye alipunguzwa. Wakati huo biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na mji wa Mwanza ulijaa vitu vilivyotumika kutoka Dubai: redio, pasi, runinga, friji. Muharami alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akanunua friji kwa ajili ya dawa ya mtoto. Kilichobaki akanunulia vipuri vya baiskeli, akaanza kuviuza karibu na stendi ya Buzuruga.

Bimdogo alilitunza friji lile kuliko alivyojitunza mwenyewe. Alilisukuma hadi kwenye kona ya sebule, likagusa ukuta. Alilifumia kitambaa cheupe cha kulifunika juu na ubavuni. Na nyuma, penye wavu mweusi wa vyuma, alichomeka blanketi kuukuu. Aliogopa vumbi la Mabatini. Aliogopa pia wale wadudu wadogo wanaokuja kwa makundi kutoka ziwani. Wageni walipoliona friji limevalishwa namna ile, walimsifu, naye Bimdogo alifurahi sana.

Lilikuwa friji pekee katika nyumba zile za jirani. Kuwa na friji mtaani ni kama kuwa na kisima. Huwezi kumwambia mtu asichote. Jirani yao Dorotea alileta mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa. Wengine walileta sato, maziwa, hata sufuria ya maharage yanayofuka moshi. Na kila mmoja alirudi kuchungulia kama kitu chake bado kipo. Mlango wa friji ulifunguliwa kutwa nzima. Bimdogo aliona aibu kumkatalia mtu. Jirani ukimnyima nafasi ya mapanki leo, kesho ukiuguliwa utamwita nani?

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa mwenye nyumba, Mzee Maige. Alikaa vyumba vya mbele peke yake, maana mkewe alikuwa shambani Magu. Jagi lake la maji lilikaa katika friji la Bimdogo, naye alilifuata mara sita kwa siku.

Siku moja, msoma mita alipokwisha kuondoka, Mzee Maige alikuja sebuleni. Safari hii hakulifuata jagi. Alishika karatasi mkononi na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Shikamoo, mzee," alisema Bimdogo.

"Marahaba. Baba Yasmin yupo?"

"Yupo Buzuruga, kwenye kazi yake. Kuna nini, mzee wangu?"

"Kuna umeme. Nyumba hii mita ni moja, familia ni mbili. Mwezi juzi uniti mia mbili tisini. Mwezi huu mia tatu arobaini. Mimi ni mstaafu, mayu, mama yangu. Nimekwisha kuonywa na watu wa umeme. Nikishindwa kulipa tena, nyumba nzima inakatiwa."

"Sasa tufanyeje, mzee?"

Mzee Maige alilinyooshea friji kidole. "Hilo hapo ndilo linatumaliza. Linanguruma mchana, linanguruma usiku. Zamani sikuwa na shida hii."

Bimdogo alisogea mbele ya friji. "Mzee wangu, humo mna dawa ya mtoto. Wewe unajua."

"Najua, na ninamwonea huruma. Lakini huruma hailipi umeme." Alikohoa, akatazama chini. "Msoma mita atarudi baada ya siku thelathini. Uniti zisiposhuka, nakata waya unaokuja upande wenu. Mtawasha vibatari kama zamani."

Alipotoka, Bimdogo alikaa sakafuni na kuliegemea friji. Lilikuwa linanguruma kweli. Siku zote mlio ule ulimpa faraja. Siku hiyo ulimtia hofu.

Jioni alimweleza mumewe. Muharami alikuna ndevu.

"Tuhame," alisema Bimdogo.

"Tuhamie wapi? Mwenye nyumba gani atatupokea na friji, na kodi ya miezi sita mkononi hatuna?"

"Basi mwanangu atakufa?"

"Mama Yasmin, usiseme hivyo. Ngoja tufikiri. Kinachokula umeme ni kuwashwa, siyo? Basi tulizime. Asubuhi tunazima, jioni tunawasha. Tutakuwa tumepunguza nusu nzima."

"Na dawa ikipata joto mchana?"

"Tukiwasha jioni tunalipeleka namba saba ya baridi, mwisho kabisa. Linalipa deni la mchana. Na vichupa tuvisogeze juu, pale chini ya kisanduku cha barafu, vipate baridi ya kutosha."

Maneno hayo yalimwingia Bimdogo. Yalionekana ni ya akili. Lakini usilolijua ni usiku wa kiza, na wawili hawa walikuwa wanatembea gizani bila kujua.

Kuanzia kesho yake wakafanya hivyo. Asubuhi Bimdogo alichomoa waya. Jioni aliuchomeka, akazungusha kitasa cha baridi hadi namba saba. Friji, ambalo lilikuwa limepata joto kutwa, lilinguruma bila kupumzika mpaka kunapambazuka. Kila siku Bimdogo alikwenda barazani kuangalia mita. Ndani ya kioo kulikuwa na kisahani kilichokuwa kinazunguka. Hakuona kama kilipunguza mwendo. Aliacha kula vizuri. Akifua, anawaza mita. Akisali, anawaza mita.

Siku ya kumi na mbili, Yasmin alianza kuomba maji. Alikunywa kikombe, akataka kingine. Alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena.

"Mama, nina kiu sana."

"Umechomwa sindano leo, mwanangu. Itapoa."

Haikupoa. Siku ya kumi na nne, mwalimu wake alimleta nyumbani amemshika mkono. Yasmin alikuwa ametapika darasani. Macho yalikuwa yameingia ndani, anapumua kwa nguvu, na pumzi yake ilinuka harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Bimdogo alichukua kanga. Alimfunga mgongoni, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akatoka mbio kutafuta gari la kumfikisha hospitali. Kichupa cha dawa alikiweka kifuani.

Pale hospitalini walimwekea Yasmin maji ya mshipa na dawa. Nesi Hellen, aliyewafahamu siku nyingi, alimwita Bimdogo pembeni.

"Sindano mmemchoma kila siku?"

"Kila siku, nesi. Haki ya Mungu, hata moja sijaruka."

"Nionyeshe dawa yenyewe."

Bimdogo akatoa kichupa. Nesi Hellen alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kulikuwa na mabongemabonge madogo yaliyokataa kuchanganyika.

"Dawa hii imewahi kuganda," alisema nesi. "Insulini ikiganda barafu inaharibika. Hata ikiyeyuka tena, nguvu yake haiaminiki. Ulikuwa unamchoma mtoto dawa iliyokwisha kufa."

Bimdogo alikitazama kile kichupa. "Mimi nilitaka iwe na baridi zaidi."

"Haitaki baridi zaidi. Inataka baridi ya kadiri. Iweke rafu ya katikati, mbali na kisanduku cha barafu. Kichupa unachokitumia unaweza kukiweka nje ya friji, mahali penye kivuli na ubaridi, usizidishe wiki nne. Lakini vile ambavyo hujavifungua vinahitaji friji, na friji lisiwe la kuzimwa na kuwashwa."

"Nesi, friji lenyewe nalo linataka kukatiwa umeme," alisema Bimdogo, na machozi yakamtoka. Akamweleza habari yote.

Nesi Hellen alimshika bega. "Umeme ukikatika siku moja mbili, usihangaike. Funga vichupa visiingie maji, viweke katika chungu cha udongo kinachotoa jasho, kivulini. Lakini hiyo ni dharura, mama. Hamwezi kuishi hivyo mwaka mzima. Mambo ya umeme mtafuteni anayeyajua, msikisie tena."

Yasmin alilazwa siku nne. Mungu alisaidia, akapata nafuu. Vichupa vyote vya zamani vilitupwa. Walirudi nyumbani na vichupa vitatu tu, na kupata vingine kungechukua wiki nyingi. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Siku hiyohiyo alasiri, Bimdogo alisimama barazani mbele ya mita. Kisahani kilikuwa kinazunguka. Alikuwa analia bila sauti.

"Dada, mita imekukosea nini?"

Alikuwa Odeta, mama wa makamo kutoka Ukerewe, aliyepanga nyumba ya ng'ambo ya njia. Alivaa mabuti marefu ya mpira, maana alikuwa anatoka kazini katika kiwanda cha samaki. Watoto wa mtaa walimcheka kwa harufu ya samaki. Bimdogo mwenyewe, tuseme ukweli, alizoea kumsalimia kwa mbali.

"Haijanikosea, dada Odeta. Mimi ndiye niliyekosea." Akamweleza kuhusu dawa, namba saba, Mzee Maige na siku kumi na mbili.

Odeta alisikiliza mpaka mwisho. "Unajua mimi nafanya kazi gani pale kiwandani?"

"Unakata minofu."

"Nilikata zamani. Sasa ni mwaka wa tatu niko na mafundi wa vyumba vya baridi. Kazi yangu ni baridi, asubuhi mpaka jioni. Nipeleke kwenye friji lako."

Odeta alivua mabuti mlangoni, akaingia. Alipoliona friji lilivyovalishwa, aliangua kicheko.

"Mama yangu! Hili linakwenda kuolewa?"

Bimdogo alitaka kukasirika, lakini hakuwa na nguvu za kukasirika.

Odeta alilivuta friji kutoka ukutani na kulichomoa lile blanketi. Lilikuwa na joto kama limetoka kupigwa pasi. "Weka mkono wako hapa, karibu na wavu. Unasikia nini?"

"Joto kali!"

"Sasa sikiliza. Watu wengi wanadhani friji linatengeneza baridi. Hapana. Friji linachota joto lililomo ndani na kulitupa nje. Linalitupia hapa nyuma. Wewe umeliziba kwa blanketi na ukuta. Joto linakosa pa kwenda, mashine inahangaika mchana na usiku. Ikihangaika, inakula umeme."

"Mimi niliogopa vumbi."

"Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu, kila mwezi, ukiwa umechomoa waya. Blanketi mpe mtu alale. Acha nafasi ya kiganja kizima kati ya friji na ukuta."

Akafungua mlango. Barafu ilikuwa imejaa kwenye kisanduku cha juu, nene kama tofali. "Hii nayo ni blanketi jingine. Ikizidi unene wa kidole, chomoa waya uiyeyushe. Usiichokonoe kwa kisu, utatoboa bomba. Dawa iweke kwenye chungu wakati huo. Na kitasa ni namba mbili au tatu. Weka kikombe cha maji rafu ya katikati. Yakikaribia kuganda, punguza."

Alikata kipande cha gazeti, akakibana kwenye mlango, akaufunga, kisha akakivuta. Upande wa juu karatasi ilikataa kutoka. Upande wa chini ilitoka bila kubishana.

"Mpira wa mlango ni mchafu hapa chini, haushiki. Uoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Ukiwa msafi ukashika, vizuri. Usiposhika, ubadilishwe. Na hii sufuria ya nani?"

"Maharage ya Dorotea."

"Yana moto! Friji sasa lipoze maharage ya Dorotea badala ya kutunza dawa ya Yasmin. Chakula kipoe kwanza nje, kifunikwe, ndipo kiingie."

Bimdogo aliitoa ile sufuria. "Na kuzima mchana?"

"Kuzima mchana mlijidanganya. Vitu vyote vinapata joto, halafu usiku kucha mashine inaanza upya. Ni kama kubeba ndoo kutoka ziwani, ukifika mlangoni unaimwaga, unarudi tena."

Waliyafanya mambo yale siku ileile. Lakini hofu ya Bimdogo haikuisha. "Dada Odeta, na kama haya yote hayatoshi? Mzee Maige anasema friji ndilo linalotumaliza."

"Anasema. Amepima?" Odeta alijifuta mikono. "Twende tukaiulize mita."

Mzee Maige alikuwa barazani, amekaa kwenye kigoda. Odeta alimpigia goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Tunaomba kupima ni kitu gani kinakula umeme. Mimi ni fundi wa baridi."

Mzee alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Fundi mwanamke?"

"Baba, umeme haumjui mke wala mume. Ukiuchezea unampiga yeyote."

Mzee Maige alitaka kucheka, akajizuia. "Haya, pima."

Walizima kila kitu, pande zote mbili. Kisahani kilisimama tuli. "Vizuri," alisema Odeta, "hakuna umeme unaovuja." Aliweka saa yake ya mkono mbele ya kioo na kumwita Bimdogo ahesabu kwa sauti. Friji lilipowashwa peke yake, kisahani kilizunguka mara moja na nusu kwa dakika. Walipolizima na kuwasha pasi ya Bimdogo, kilizunguka mara kumi.

"Mara kumi!" Bimdogo alishika kinywa. Kila asubuhi aliwasha pasi kwa ajili ya shati moja la mumewe na sare moja ya mtoto.

"Nguo za wiki nzima piga siku moja," alisema Odeta. "Anza na zile laini pasi ikiwa inapata moto, maliza na zile nzito. Nguo mbili za mwisho piga ukiwa umekwisha kuzima, joto lililobaki linatosha. Sasa baba, upande wako."

"Mimi sina kitu. Taa tu."

Taa zake za barazani zilikuwa mbili, kubwa, za wati mia mia. Ziliwaka mchana na usiku. Kila taa ilizungusha kisahani mara moja kwa dakika. Mbili zilizungusha mara mbili, kushinda friji.

"Hizo ni za wezi," alisema mzee haraka.

"Wezi wa saa nane mchana tunawaona kwa jua, baba. Usiku iache moja, ya wati arobaini. Na ile ndoo kule ndani yenye waya?"

Mzee Maige alikohoa. "Maji ya kuoga. Mifupa yangu haitaki baridi."

Walipowasha hita ile ya kuchovya ndani ya ndoo, kisahani kilikimbia kama kinafukuzwa. Mara kumi kwa dakika, sawasawa na pasi. Odeta aliuliza inakaa kwa muda gani. Ikabidi mzee aseme. Aliichovya asubuhi, akaenda kucheza bao, maji yakachemka mpaka yakapungua. Alirudi akaona yamekuwa moto mno, akaacha yapoe, yakapoa sana, akawasha tena. Nyani haoni kundule, na siku ile Mzee Maige aliliona la kwake mbele ya wapangaji.

Hakuna aliyecheka. Bimdogo alimwonea huruma, na huruma ile ilimshangaza.

"Kuoga maji ya moto si kosa, baba," Odeta alisema kwa upole. "Tia nusu ndoo, siyo ndoo nzima. Ifunike. Kaa hapohapo mpaka yapate uvuguvugu, kisha chomoa. Na usitie mkono ndani ya maji kabla hujachomoa, utakufa."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo mimi ndiye."

"Si wewe peke yako. Ni friji lililofungwa blanketi, ni pasi ya kila siku, ni taa, ni ndoo. Kila mmoja ana chake."

"Lakini siku thelathini ni zilezile," alisema mzee. "Neno nililosema sijalifuta. Mita ndiyo itakayoamua."

Ndipo yakaja magumu kuliko ya blanketi: majirani. Bimdogo hakulala vizuri akiwaza atasemaje. Asubuhi Dorotea alikuja na mapanki yake kwenye beseni, akaufuata mlango wa friji kama kawaida. Bimdogo akasimama mbele yake.

"Jirani, samahani. Friji tunalifungua mara mbili tu. Asubuhi na jioni, wakati wa sindano ya Yasmin. Kitu chako lete saa hizo, kiwe kimepoa, kwenye chombo chenye mfuniko."

Dorotea alishika kiuno. "Kumbe! Siku hizi friji lina saa za ofisi?"

"Dorotea, mtoto wangu alikuwa karibu kufa."

Dorotea alimtazama, akageuka na beseni lake, akaondoka bila kuaga. Siku nne hakukanyaga pale. Bimdogo aliumia sana, lakini mlango wa friji hakuufungua. Siku ya tano, jioni, wakati wa sindano, Dorotea alibisha hodi akiwa na chombo chenye mfuniko. Mzee Maige alikuwa nyuma yake, ameshika jagi.

Siku zilizobaki zilikwenda polepole mno. Friji sasa lilinguruma kidogo, likanyamaza kwa muda mrefu, likanguruma tena. Kila liliponyamaza, Bimdogo alishtuka na kwenda kuangalia kama limekufa. Kikombe cha maji kilikuwa baridi, hakikuganda. Taa ya barazani ilikuwa moja. Muharami alivaa mashati yaliyopigwa pasi Jumapili na hakulalamika. Hata hivyo siku kumi na nane za mwezi zilikwisha kuliwa kwa ujinga, na uniti zilizokwisha kupita kwenye mita hazirudi. Bimdogo alilijua hilo. Alifunga vitu vichache kwenye boksi, iwapo watalazimika kuhama.

Msoma mita alifika Jumatano asubuhi. Aliandika namba kwenye daftari lake, akampa mzee karatasi, akaenda nyumba nyingine. Mzee Maige alivaa miwani. Muharami, ambaye siku hiyo hakwenda Buzuruga, alisimama na mikono nyuma. Bimdogo alishindwa kusimama, akakaa kizingitini. Mzee alitoa namba ya zamani kwenye namba mpya, kwa kalamu, kwenye kiganja chake. Akafuta kwa mate. Akaanza tena.

"Mzee, tuambie tu," alisema Muharami.

"Mia mbili hamsini na moja."

"Kutoka mia tatu arobaini?"

"Kutoka mia tatu arobaini. Na ni siku kumi na mbili tu." Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi. "Bimdogo, mwanangu. Waya sikati. Na nilikusingizia wewe mambo yaliyokuwa kwenye ndoo yangu. Unisamehe."

Bimdogo alitaka kujibu, "Tumeshasameheana, mzee." Kilichotoka ni kilio, kilio cha mwezi mzima, akajifunika uso kwa kanga. Muharami aliinama kumshika.

Yasmin alitoka ndani amevaa sare ya shule. Alimtazama baba yake, akamtazama mzee, kisha akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, unalia nini, na umeme upo?"

"Ndio huohuo ninaoulilia," alisema Bimdogo, huku akicheka na kulia kwa pamoja. Akajifuta machozi, akasimama. "Njoo, hujachomwa sindano. Leo paja gani?"

"La kulia, mama."

Waliingia ndani wote wawili.